Ndugu wa Mgonjwa: Mkono Upo, Sauti Haipo

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho watunga sera wetu wa afya wangefaa kukitafakari: kuuguza. Kutokana na kitenzi hicho tumempata muuguzi, yaani mtumishi mwenye cheti, leseni na sare. Kutokana na kitenzi hicho hicho mtu huomba ruhusa kazini akisema, "Ninauguza," na kila anayemsikia akaelewa kwamba mama yake, mumewe au mtoto wake yu kitandani. Lugha imewaweka wawili hawa katika ukoo mmoja. Hospitali imewatenganisha kwa geti, mlinzi na saa za kuona wagonjwa.

Na bado hospitali haiwezi kumkosa huyu wa pili. Ni nani anayeleta uji asubuhi na chakula mchana katika wodi zetu nyingi? Ni nani anayefua mashuka, anayemgeuza mgonjwa asiyejiweza, anayempeleka msalani, anayekimbilia duka la dawa lililo nje ya ukuta kwa kuwa dirisha la dawa limesema "hakuna"? Ni nani anayetakiwa kutafuta watu wa kuchangia damu? Ni ndugu wa mgonjwa. Mara nyingi ndugu huyo ni mwanamke ambaye ameacha genge lake, shamba lake au masomo yake, na ambaye haonekani katika ikama wala katika bajeti yoyote. Lakini daktari anapopita asubuhi, huambiwa atoke nje. Akiuliza kilichoandikwa kwenye faili, huonekana msumbufu. Siku ya kuruhusiwa hukabidhiwa mgonjwa pamoja na karatasi iliyoandikwa Kiingereza.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tatizo letu halipo katika ushiriki wa wagonjwa na wanaowauguza kwa maana ya kukosekana kwake. Ushiriki upo, tena mkubwa; ila ni ushiriki wa mikono usio na ushiriki wa akili wala wa uamuzi. Tunachohitaji ni kuubadili ushiriki huo, na kuubadili kwa kufuata njia ambazo zimepimwa zikaonekana kufanya kazi, badala ya kuendelea na semina na kaulimbiu.

Tuanze na msingi wa haki, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba jambo hili ni fadhila. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, ambalo Tanzania ililikumbatia mapema, lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Katiba yetu, ibara ya 21(2), inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Sijui jambo linalomhusu mtu na maisha yake zaidi ya uamuzi wa kukatwa mguu au kufanyiwa upasuaji wa kujifungua. Hata hivyo tumezoea kuisoma ibara hiyo kana kwamba imeandikwa kwa ajili ya sanduku la kura peke yake.

Mwaka 1969 mwanazuoni wa Marekani, Sherry Arnstein, aliuchora ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vidato 8. Chini kabisa kuna kudanganywa. Juu kabisa kuna wananchi kushika hatamu. Katikati kuna kuarifiwa, kuulizwa maoni na kupozwa roho. Nikiwafundisha wanafunzi wangu ngazi hiyo huwataka waiweke mbele ya mlango wa hospitali ya wilaya na kuuliza ndugu wa mgonjwa amesimama kidato gani. Sanduku la maoni lililofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake haujulikani ulipo halifikii hata kidato cha kuulizwa. Huo ni upambaji wa ukuta.

Lakini haki peke yake haitoshi kumshawishi mganga mfawidhi mwenye wagonjwa 3 kwa kitanda kimoja. Yeye atauliza, na ana sababu ya kuuliza: je, kumshirikisha mgonjwa na nduguye kunaokoa maisha, au kunaniongezea kelele wodini? Swali hilo linastahili jibu la ushahidi.

Jibu la kwanza limetoka sehemu fulani hapa kwetu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, nayo Muhimbili ikiwa mojawapo. Utafiti ulihusu watoto waliozaliwa na uzito mdogo, kati ya gramu 1,000 na 1,799, wale tuwaitao watoto njiti. Kwa miaka mingi huduma ya mama kangaruu, yaani mtoto kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzishwa baada ya mtoto kutengemaa. Kabla ya hapo alitenganishwa na mama yake. Watafiti waliwagawa watoto 3,211 kwa bahati nasibu: kundi moja lilifuata utaratibu wa zamani, na kundi jingine liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Katika kundi la zamani walifariki asilimia 15.7 ndani ya siku 28. Katika kundi jipya walifariki asilimia 12.0. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Msomaji aangalie vizuri kilichofanyika hapo. Ili mtoto akae kifuani kwa takriban saa 17 kwa siku, mama ilibidi alazwe ndani ya chumba cha uangalizi maalumu, apewe kitanda chake humo, na yeye mwenyewe ahudumiwe humo humo. Pale mama alipokuwa hajiwezi, ndugu mwingine alishika nafasi yake. Mtu ambaye jana alikuwa akichungulia kupitia kioo alifanywa kuwa sehemu ya tiba. Jengo lilibadilika, zamu zilibadilika, kanuni za usafi zikafundishwa kwa watu wasio na cheti. Ushiriki wa namna hiyo una faida inayohesabika kwa watoto walio hai.

Jibu la pili linahusu chumba cha kujifungulia. Uchambuzi wa pamoja uliochapishwa na Cochrane mwaka 2017, uliojumuisha tafiti 26 kutoka nchi 17 na wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha kwamba mwanamke anayekuwa na mtu wa kumsaidia muda wote wa uchungu ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, ana uwezekano mdogo wa kufanyiwa upasuaji, na uchungu wake huwa mfupi zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apewe nafasi ya kuwa na mwenzi wa uzazi anayemchagua mwenyewe. Wanaosema jambo hilo haliwezekani katika vituo vyetu vya umma waende wakatazame Kigoma, ambako kati ya mwaka 2016 na 2018 lilijaribiwa katika vituo vya serikali. Pazia kati ya kitanda na kitanda si teknolojia ya anga za juu.

Jibu la tatu limetoka vijijini. Huko Makwanpur nchini Nepal, na baadaye India, Bangladesh na Malawi, wanawake walikutana kila mwezi wakiongozwa na mwanamke mwenzao aliyepewa mafunzo. Hawakuketi kusikiliza mihadhara. Walibainisha matatizo yanayoua wazazi na watoto wachanga kwao, wakachagua mikakati, wakaitekeleza, kisha wakajitathmini. Wengine walianzisha mifuko ya fedha ya dharura, wengine machela za kubebea wajawazito. Uchambuzi wa tafiti 7 za aina hiyo, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2013, ulionyesha kupungua kwa vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 23, na kwa vifo vya uzazi kwa asilimia 37. Mahali ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walishiriki, upungufu ulikuwa mkubwa zaidi.

La nne ni la majirani zetu wa kusini. Katika mkoa wa Tete, Msumbiji, kuanzia mwaka 2008, watu waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waliunda vikundi vidogo vya watu wasiozidi 6. Kila mwezi mmoja wao alisafiri hadi kituoni, akapimwa, akachukua dawa za wenzake wote, akarudi na taarifa zao. Badala ya safari 12 kwa mwaka kila mmoja alisafiri 2 hivi. Taarifa ya awali kuhusu wanachama 1,384 ilionyesha kwamba asilimia 97.5 walikuwa wamebaki katika huduma. Hata hapa Tanzania, anayezifahamu kliniki za tiba na matunzo anajua kazi ya WAVIU washauri. Ugonjwa uliotutisha kuliko yote ndio uliotufundisha kwamba mgonjwa anaweza kuwa mwalimu.

Sasa niwageukie wenzangu wanaharakati, kwa kuwa ushahidi una upande wake wa pili na si uungwana kuuficha. Wengi wetu tumekuwa tukiunukuu utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2009 na Martina Björkman na Jakob Svensson. Katika nusu ya vituo 50 vilivyohusishwa, wanakijiji walipewa taarifa kuhusu hali ya huduma, wakakutana na watumishi, wakakubaliana juu ya mambo ya kurekebisha. Vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vilipungua kwa takriban theluthi moja. Matokeo hayo yalizaa miradi mingi ya uwajibikaji. Lakini utafiti mwingine uliofanyika baadaye huko huko Uganda, katika vituo 376, ulipata mabadiliko madogo katika ubora wa tiba, na haukuona kupungua kwa vifo vya watoto. Hapa Tanzania na Indonesia, mradi uliohusisha vijiji 200 katika kila nchi, ambapo wananchi wa nusu ya vijiji hivyo walisaidiwa kubuni hatua zao wenyewe za kuboresha huduma za mama na mtoto, haukuonyesha kwa wastani mabadiliko katika matumizi wala katika maudhui ya huduma hizo.

Upo pia mfano wa India, ambao ningependa kila ofisa wa wizara aubandike mezani kwake. Wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14 walifuatiliwa. Nusu yao walipewa huduma ya kawaida. Kwa nusu nyingine, ndugu walifundishwa kuwafanyia mazoezi ya utengemao nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa haya: baada ya miezi 6, asilimia 47 katika kila kundi walikuwa wamefariki au wamebaki tegemezi. Hapakuwa na tofauti. Ndugu hawakuweza kuziba pengo la mtaalamu wa utengemao.

Kutokana na mifano hii yote ninasoma somo moja, nalo ni tafsiri yangu. Ushiriki huzaa matunda pale mgonjwa au nduguye anapopewa jukumu mahususi analoliweza, anapofundishwa namna ya kulitekeleza, na pale mfumo unapokuwa tayari kumjibu kwa dawa, kitanda, mtaalamu au fedha. Mama kangaruu alipewa kitanda ndani ya chumba maalumu, na nyuma yake kulikuwa na wauguzi na oksijeni. Kikundi cha Tete kilikuta dawa kituoni. Lakini ukimpa mwananchi taarifa kwamba zahanati yake haina mganga, kisha ukampa fursa ya kumlalamikia muuguzi mmoja aliyebaki, umempa uchungu tu. Na ukimpa ndugu kazi ya mtaalamu kwa kuwa hutaki kumwajiri mtaalamu, hujamshirikisha; umemtwisha.

Hili ndilo ninaloliogopa zaidi katika lugha ya ushirikishwaji inayoenea sasa. Ni rahisi sana kwa serikali yenye bajeti finyu kuligeuza neno hilo kuwa jina zuri la kujivua wajibu. Mzigo unaohamishwa kutoka hazina ya taifa hautui hewani. Unatua juu ya mabega, na mabega hayo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake.

Kuna tahadhari nyingine. Mgonjwa na nduguye si mtu mmoja. Katika jamii zetu, ambamo ukoo una nguvu, si ajabu daktari akamweleza mume ugonjwa wa mke kabla ya mke mwenyewe kuujua, au wakubwa wa familia wakaamua juu ya upasuaji wa binti mwenye miaka 25 na akili timamu. Kumshirikisha ndugu kusiwe njia ya kumnyang'anya mgonjwa siri yake na uamuzi wake. Anayechagua nani awe kando ya kitanda ni mgonjwa. Ndugu huamua kwa niaba yake pale tu asipoweza kusema.

Baada ya tahadhari hizo, ninapendekeza mambo 5, na hakuna hata moja linalosubiri mfadhili.

Kwanza, kila mgonjwa anayelazwa aulizwe na iandikwe kwenye faili ni nani anayemuuguza kwa ridhaa yake. Mtu huyo apewe kitambulisho, aruhusiwe kuwapo daktari anapopita, na kabla ya mgonjwa kuruhusiwa afundishwe kwa vitendo yale atakayoyafanya nyumbani: kumgeuza, kusafisha kidonda, kutambua dalili za hatari. Kwa mjamzito, mtu huyo awe mwenzi wa uzazi.

Pili, Kiswahili kiwe lugha ya karatasi anayoondoka nayo mgonjwa na ya fomu ya ridhaa anayoitia saini. Daktari aendelee kuandika faili lake atakavyo. Lakini maelekezo ya dawa na tarehe ya kurudi ni mali ya mgonjwa. Na pale mgonjwa asipojua Kiswahili vyema, atafutwe wa kumfasiria. Sambamba na hilo, mhudumu amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Utafiti mmoja wa mwaka 2003 katika hospitali ya umma huko San Francisco ulibaini kwamba kati ya dhana mpya 124 ambazo madaktari waliwaeleza wagonjwa wa kisukari, walihakiki uelewa katika 15 tu. Wagonjwa ambao daktari wao alihakiki walielekea kuwa na udhibiti bora wa sukari. Sioni sababu ya kuamini kwamba sisi tunawazidi.

Tatu, ndugu awe na haki ya kupiga kengele. Nchini Uingereza, msichana wa miaka 13, Martha Mills, alifariki mwaka 2021 baada ya wazazi wake kueleza wasiwasi wao bila kusikilizwa ipasavyo. Uchunguzi wa kifo chake ulibaini kwamba huenda angepona kama angehamishiwa mapema chumba cha wagonjwa mahututi. Kuanzia mwaka 2024 hospitali za England zimeanza kutekeleza utaratibu uliopewa jina lake, unaomwezesha mgonjwa au familia kuomba timu nyingine ije imtazame upya mgonjwa ambaye hali yake inazorota. Hospitali zetu za rufaa na za mikoa zinaweza kuanza na namba moja ya simu na daktari mmoja wa zamu asiye wa wodi husika. Anayekaa na mgonjwa usiku kucha ndiye wa kwanza kuona kwamba pumzi imebadilika.

Nne, kamati za usimamizi wa vituo zipewe uhai. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za huduma za afya inapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati hizo, zenye wajumbe kutoka kwa wananchi, zina nafasi katika kupanga matumizi yake. Hapo mwananchi amesogea juu katika ngazi ya Arnstein, angalau kwenye karatasi. Wajumbe wafundishwe kusoma hesabu, mapato na matumizi yabandikwe ukutani, na nafasi moja ihifadhiwe kwa mtu mwenye ugonjwa wa kudumu au anayeuguza mtu wa namna hiyo.

Tano, mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga kuwafikia wahudumu 137,294 katika miaka 5, usiishie kuzalisha wapaza sauti wa ujumbe wa wizara. Wafundishwe kuongoza vikundi vya aina ile ya Makwanpur na Malawi, ambavyo wanawake wenyewe hutaja tatizo na kulitafutia dawa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, najua jibu litakalowajia: hatuna watumishi wa kutosha kuongea na kila mtu. Ni kweli kwamba hatuna. Lakini mgonjwa asiyeelewa dawa zake hurudi akiwa mahututi, na mgonjwa mahututi hula muda wa watumishi kuliko dakika 5 za maelezo. Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inawataka wananchi walipie kabla ya kuugua. Anayelipa kabla atauliza maswali zaidi ya yule aliyezoea kupokea kama msaada. Ni heri tujiandae kumjibu.

Kwa wanafunzi wangu, hasa wale wa sayansi ya siasa wanaodhani dola huonekana bungeni na kituo cha polisi peke yake: nendeni wodini. Mtazameni mama aliyeketi sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe, kisha mhesabu ni mara ngapi kwa siku anaambiwa la kufanya, na ni mara ngapi anaulizwa anaonaje. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili inastahili kuandikiwa tasnifu, na wizara inastahili kuisoma.